MBUNGE NI WA CHAMA AU NI WA WANANCHI? Mafunzo ya Bunge la Tisa, 2005–2010

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Lusu, Wilaya ya Nzega

UTANGULIZI



Nimeombwa kuzungumza juu ya Bunge na siasa za vyama. Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba siasa ni mchezo mchafu, na kwamba muumini mwema hana budi kukaa mbali nao. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa kuwa wengi wao wamekwisha kuumizwa. Lakini hata tukikaa mbali na siasa, sheria haitakaa mbali nasi. Bei ya mbolea, ada ya shule, dawa ya zahanati, na shimo kubwa lililobaki hapa Lusu, yote hayo yalipitia mikononi mwa watu waliopigiwa kura.

Zamani njia ya misafara kutoka Unyanyembe ilipita katika nchi yetu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Mpagazi aliujua vema uzito wa mzigo, kwani uliukaa mabegani mwake kwa miezi. Bei yake iliamuliwa na wengine, mahali ambapo yeye hakukaribishwa. Swali letu la leo linafanana na hilo: je, sisi tunaobeba mzigo wa sheria tunakaribishwa mahali zinapoamuliwa? Na yule tuliyemtuma kutusemea, anatusemea sisi au anakisemea chama chake?

Ili tusizungumze hewani, nimechagua kipindi kimoja tu, yaani Bunge la Tisa, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2005 na kumalizika mwaka 2010. Nimelichagua kwa sababu tatu. Kwanza, Spika wake, marehemu Samuel Sitta, alikuwa mbunge wa Urambo Mashariki, mkoani kwetu Tabora. Pili, mbunge wa Nzega wa wakati huo, Lucas Selelii, alishiriki katika kazi kubwa kuliko zote za Bunge hilo. Tatu, jambo lililolitikisa sana lilikuwa mali ya nchi, na hasa madini, ambayo watu wa Lusu hawahitaji kuelezwa na mtu.

Tutafuata njia tuliyoizoea: tuone, tuamue, kisha tutende.

SEHEMU YA KWANZA: TUONE

1. Bunge la chama kimoja ndani ya vyama vingi

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 14 Desemba 2005. Katika majimbo 232, Chama cha Mapinduzi kilipata 206. CUF ilipata 19, CHADEMA 5, TLP 1 na UDP 1. Mgombea wa CCM katika kiti cha urais, Jakaya Kikwete, alipata asilimia 80 ya kura. Aliyezitazama hesabu hizo angeweza kusema: Bunge hili litakuwa mhuri tu wa Serikali. Wabunge wa upinzani wasingeweza kuzuia muswada hata mmoja kwa kura zao.

Hata hivyo mambo hayakwenda hivyo. Spika Sitta aliingia na kaulimbiu ya kasi na viwango. Mwaka 2007 Bunge lilijitungia Kanuni mpya. Kwa Kanuni hizo, Waziri Mkuu alianza kujibu maswali ya papo kwa papo siku ya Alhamisi. Aidha, kamati zinazokagua hesabu za umma ziliwekwa chini ya wenyeviti wa upinzani: John Cheyo wa UDP katika hesabu za Serikali Kuu, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA katika hesabu za serikali za mitaa, na Zitto Kabwe wa CHADEMA katika mashirika ya umma. Mantiki yake ni nyepesi. Mwenye ghala asipewe yeye mwenyewe kazi ya kuhesabu magunia yaliyopungua.

2. Buzwagi: hoja iliyokataliwa na kisha kukubaliwa

Mwezi Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia saini mjini London mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulioko Kahama, jirani zetu. Wakati huo Serikali ilikuwa imesema inapitia upya mikataba ya madini. Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliomba iundwe Kamati Teule ya kuchunguza jambo hilo. Hoja yake ilikataliwa, na tarehe 14 Agosti 2007 yeye mwenyewe alisimamishwa asihudhurie Bunge hadi Januari 2008, kwa madai kwamba amemsingizia waziri uongo. Wingi wa kura ulikuwa umenena.

Lakini wananchi walikuwa wamesikia, kwa sababu siku hizo vikao vilirushwa moja kwa moja. Mazungumzo yalihama kutoka ukumbini yakaenda sokoni, kwenye mabasi na katika nyumba za ibada. Mwezi Novemba mwaka huohuo Rais aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani ili itazame upya sekta ya madini, na mbunge aliyekuwa amesimamishwa akateuliwa kuwa mjumbe wake. Hoja iliyoshindwa kwa kura ilikuwa imeshinda kwa uzito wake.

Viongozi wa dini nao hawakunyamaza. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA walitoa kwa pamoja taarifa ya utafiti juu ya mapato ya dhahabu na namna nchi inavyoyapoteza. Wakristo na Waislamu walisimama upande mmoja, kwa kuwa dhahabu ya nchi haina dini.

3. Richmond: siku mbili za Februari 2008

Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani kwa ukame uliokausha mabwawa ya umeme. Serikali iliingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni iitwayo Richmond. Umeme haukuja kama ulivyoahidiwa, na mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine iitwayo Dowans. Mwezi Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule ya watu watano: Dk. Harrison Mwakyembe akiwa mwenyekiti, Stella Manyanya, Herbert Mntangi, Habib Mnyaa wa CUF, na mbunge wa Nzega, Lucas Selelii. Zingatieni: wanne kati ya hao watano walikuwa wa CCM, nao walikuwa wakiichunguza Serikali ya chama chao.

Taarifa ilisomwa tarehe 6 Februari 2008. Kamati ilieleza kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, na kwamba taratibu zilikiukwa ili ipewe. Kesho yake Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alijiuzulu, na mawaziri wawili, Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, wakajiuzulu pia. Baraza zima la Mawaziri likavunjika.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Mheshimiwa Lowassa, ambaye alifariki dunia Februari 2024, alilalamika mbele ya Bunge kwamba kamati haikumhoji kabla ya kumtaja, na hakukubali kamwe kwamba alikuwa na hatia. Sisi wa Haki na Amani hatuwezi kulipuuza lalamiko la namna hiyo, hata linapotoka kwa mkubwa. Anayetafuta haki kwa ajili ya wanyonge hana budi kuitenda kwa wote.

4. Chama chaitaka kadi yake

Baada ya hapo wabunge wa chama kimoja walianza kutazamana kama mahasimu. Mwezi Agosti 2009, katika Halmashauri Kuu ya CCM iliyokutana Dodoma, wapo waliotaka Spika anyang'anywe kadi ya chama. Hakunyang'anywa. Iliundwa kamati ya wazee chini ya Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi ili ipatanishe makundi.

Kwa nini kadi iwe silaha kubwa hivyo? Kwa sababu Katiba yetu, ibara ya 71, inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, hupoteza kiti chake. Na kwa ibara ya 67, hakuna anayeweza kugombea bila chama. Katika kipindi hichohicho jambo hili lilikuwa mahakamani. Mahakama Kuu iliruhusu mgombea binafsi mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo Juni 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaona kwamba katazo hilo linakiuka haki. Basi fahamuni: wananchi elfu nyingi humpa mbunge kura, lakini kikao cha watu wachache kinaweza kumwondolea kiti.

5. Sheria ya Madini ya mwaka 2010

Tarehe 23 Aprili 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi, Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Madini, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1998. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 3 hadi 4. La maana zaidi, ulianza kukokotolewa juu ya thamani yote ya madini, kabla ya gharama kutolewa.

Tuchukue mfano mdogo. Tuseme dhahabu imeuzwa kwa shilingi milioni 100, na gharama za kusafirisha na kusafisha ni milioni 2. Kwa sheria ya zamani, Serikali ilipata asilimia 3 ya milioni 98, yaani shilingi 2,940,000. Kwa sheria mpya, asilimia 4 ya milioni 100, yaani shilingi 4,000,000. Sentensi moja ndani ya sheria ina zaidi ya shilingi milioni moja ndani yake, kwa kila milioni mia.

Lakini mikataba iliyokwisha kusainiwa iliendelea kulindwa, na Serikali ikabaki kuzungumza na kampuni moja moja. Mgodi wa Golden Pride hapa Lusu, wa kampuni ya Resolute ya Australia, ulianza kuzalisha mwishoni mwa mwaka 1998. Ulitoa zaidi ya wakia milioni 2 za dhahabu, kisha ukafungwa mwaka 2014. Mwaka 2017 Bunge lilipopandisha mrabaha hadi asilimia 6 na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16, dhahabu ya Lusu ilikuwa imekwisha kuondoka.

SEHEMU YA PILI: TUAMUE

Tukiisha kuona hayo, tuyapime. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, ulifundisha mwaka 1965 kwamba vyama vya siasa vina wajibu wa kutafuta manufaa ya wote, na kwamba visitangulize kamwe faida yao mbele ya manufaa hayo. Kanisa halisemi vyama ni viovu. Linasema vina bwana mkubwa kuliko vyenyewe, ndiye mwananchi.

Katiba nayo inasema jambo la jamaa moja na hilo. Ibara ya 63 inalifanya Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Maneno ya kushika ni haya: kwa niaba ya wananchi. Hapatajwi chama.

Kutokana na hayo napenda kutaja mambo matatu.

La kwanza. Nguvu ya Bunge la Tisa haikutokana na idadi ya wapinzani, kwani walikuwa wachache. Ilitokea pale wapinzani walipoleta hoja yenye ushahidi, na baadhi ya wabunge wa chama tawala wakakubali kuisikiliza. Mmoja bila mwingine asingefika. Kwa hiyo anayedhani haki ni mali ya chama fulani, na dhuluma ni ya chama kingine, hajayatazama mambo vizuri. Chama kinaweza kuwa mahali pa kweli. Januari 1958, mjini Tabora, TANU ilikutana ikiwa imegawanyika juu ya kura tatu, yaani sharti la kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Wajumbe walibishana kwa hoja, wakafikia ule uitwao uamuzi wa busara, na nchi ikasonga mbele. Mabishano ndani ya chama ni afya. Ugonjwa ni pale anayebishana anapotishwa kwa kadi.

La pili. Tusijenge juu ya mashujaa. Mwaka 2010 Selelii alishindwa katika kura za maoni ndani ya chama chake, hakurudi bungeni. Sitta alirudi bungeni, lakini chama chake kiliamua safari hiyo mgombea wa uspika awe mwanamke, na tarehe 12 Novemba 2010 Anne Makinda akachaguliwa, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Mwezi huohuo wasuluhishi wa kimataifa waliamua kwamba shirika la umeme, TANESCO, liilipe Dowans mabilioni ya shilingi. Mnaona, ndugu zangu: waliosimama waliondoka, na deni likabaki. Kilichodumu kuliko watu ni Kanuni na sheria walizoziandika. Tumzoee mtu, lakini tuiulize sheria.

La tatu, na ndilo zito kwetu hapa. Haki inayochelewa katika mambo ya madini hairudi. Pamba ya Nzega ikiuzwa kwa bei mbaya mwaka huu, mkulima hulia, lakini hupanda tena mvua zikinyesha. Karanga hali kadhalika. Dhahabu haina msimu wa pili. Sheria ya mwaka 2010 ilikuwa njema kuliko ile ya kwanza, lakini kila mwaka iliochelewa ulikuwa ni mwaka wa mawe yaliyoondoka kwa masharti ya zamani. Tunapoona mbunge ananyamaza bungeni ili asikiudhi chama, tusidhani ukimya huo hauna gharama. Gharama yake hulipwa na kijiji, na hapa ililipwa kwa wakia.

Na sisi je? Katika uchaguzi wa mwaka 2005, watu 72 katika kila 100 waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2010, baada ya miaka mitano ya Bunge lililovuma kuliko yote yaliyotangulia, waliopiga kura hawakufika 43 katika kila 100. Tulilitazama Bunge kama watu wanavyotazama ngoma ya jirani: tukashangilia, tukahuzunika, kisha tukaenda kulala. Wabunge waliothubutu walihitaji wananchi nyuma yao siku ya kura, na wengi wetu hatukuwepo.

SEHEMU YA TATU: TUTENDE

Sitaki tuachane bila kazi ya kufanya. Napendekeza mambo manne ambayo hayahitaji fedha nyingi wala elimu kubwa.

1. Tuujue muswada kabla haujawa sheria. Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati ya Bunge. Kamati huweza kuwaita wadau watoe maoni. Hapo ndipo mlango ulipo wazi. Ukisubiri mjadala wa ukumbini, mlango umekwisha kufungwa nusu. Kamati ya Haki na Amani ya parokia ichague watu wawili wanaosoma vizuri, wafuatilie miswada inayotugusa, wapeleke habari katika jumuiya kwa lugha nyepesi.

2. Tuitilie mashaka haraka. Sheria za madini za mwaka 2017 zilipitishwa kwa hati ya dharura, katika siku chache. Baadhi ya shabaha zake zilikuwa njema. Lakini njia ya mkato huzoeleka, na siku moja itatumiwa kupitisha jambo baya. Kila tukisikia hati ya dharura, tumwulize mbunge: dharura hiyo ni ya nani?

3. Tudai hesabu, kama yule bwana wa Injili alivyomdai wakili wake. Mbunge anapofika jimboni, tusimwombe mipira na turubai peke yake. Mwaka 2009 Bunge la Tisa lilipitisha sheria ya mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, na tangu hapo wengi wamezoea kumpima mbunge kwa mabati na saruji. Kazi yake ya kwanza ni sheria na usimamizi. Basi tumwulize maswali matatu: Ni muswada gani uliouchangia? Ulipiga kura namna gani, na kwa nini? Ni lini ulitofautiana na chama chako kwa ajili yetu? Tumwulize kwa adabu, mbele ya watu, na majibu yake yaandikwe.

4. Tuilinde jumuiya isigawanyike. Katika jumuiya moja wamo wana-CCM, wana-CHADEMA na wasio na chama. Altare si jukwaa, na katekista asiigeuze sala kuwa kampeni. Lakini kutogawanyika hakumaanishi kunyamaza. Mwaka 2009 wanataaluma Wakristo wa Kanisa Katoliki walipotoa waraka wa kuwasaidia waamini kutafakari vipaumbele vya taifa kabla ya uchaguzi, wapo wanasiasa wakubwa, akiwemo mzee Kingunge Ngombale-Mwiru, waliotaka uondolewe. Kanisa lilibishiwa, likajibu, wala nchi haikuvunjika. Jambo la haki tulizungumze kwa jina lake, bila kulivika rangi ya bendera.

HITIMISHO

Ndugu zangu, swali letu lilikuwa: mbunge ni wa chama au ni wa wananchi? Kwa sheria zilivyo, mguu wake mmoja umefungwa kwa chama. Hatuwezi kuikata kamba hiyo kesho asubuhi. Lakini mguu wa pili ni wetu, na tukiuachia, atakwenda anakovutwa. Bunge la Tisa lilituonyesha kwamba mbunge anaweza kusimama wima kwa muda. Halikutuonyesha namna ya kumtegemeza asianguke, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wananchi.

Mungu Mwenyezi awajalie wawakilishi wetu ujasiri, na atujalie sisi uvumilivu wa kuwafuatilia. Amani iwe nanyi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, mnajua mbunge wenu wa sasa yumo katika kamati gani ya Bunge, na kamati hiyo inashughulikia nini?

2. Wazee na wale waliofanya kazi mgodini waeleze: mgodi wa Lusu ulipokuwa ukifanya kazi, kijiji kilipata nini? Ulipofungwa, kilibaki na nini? Ni yapi kati ya hayo yalitegemea sheria?

3. Mbunge akitofautiana na chama chake kwa ajili ya wananchi, wananchi wanaweza kumtegemeza kwa njia zipi zilizo halali?

4. Je, katika jumuiya yetu tofauti za vyama zimewahi kuzuia watu kusali au kusaidiana? Tufanye nini?